Jiwe la Chuma Kidogo

Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, huwaambia nilikuwa napasua mawe, nao hudhani nilikuwa machimboni Njiru na nyundo mkononi. Wacha wadhani. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa fundi wa maabara katika ofisi moja ya serikali mjini Nairobi, hapo nyuma ya barabara ya Tom Mboya. Siitaji kwa jina. Waliomo wana watoto wa kulea. Mimi naitwa Ndunge, na nina ulimi mkali. Marehemu mama aliniambia tangu nikiwa msichana kwamba huu ulimi utanifikisha pabaya. Haukunifikisha. Ulimfikisha mtu mwingine, mimi nikabaki na mshahara wangu, na ndiyo maana naongea leo. Msinipe pole.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Jaswant, Kalasinga wa Ngara, Mhindi wa kilemba, mtu mpole mwenye vidole vinene vilivyoweza kukata jiwe likawa jembamba kama karatasi. Yeye ndiye alinionyesha namna ya kutambua kimondo, yaani jiwe lililoanguka kutoka angani. Njia ni tatu na zinafuatana. Kwanza sumaku, kwa sababu vimondo vya mawe karibu vyote vina punje za chuma ndani yake. Pili, unalipima jiwe uzito hewani, halafu unalining'iniza ndani ya maji na kulipima tena, unapiga hesabu kujua ni zito mara ngapi kuliko maji. Tatu, unalikata, unaling'arisha kwa msasa, unaweka lenzi na kuhesabu hizo punje za chuma. Kazi ya siku mbili hiyo, ukiifanya kama inavyotakiwa. "Sumaku ni mlango, beti," alikuwa akiniambia, na beti kwao ni binti. "Usisimame mlangoni ukasema umeona nyumba."

Alistaafu mwishoni mwa mwaka 1985, akaniachia funguo, msumeno na kaunta. Mwaka uliofuata ukaja na balaa lake.

Kama ulikuwepo 1986 unakumbuka. Ile nyota yenye mkia ilipita, redio ikaisema asubuhi na jioni, na Nairobi nzima ikashika shingo kuangalia juu. Wengi hawakuona kitu kwa mawingu, lakini haidhuru, walianza kuokota mawe. Ala! Kila siku kaunta yangu ilikuwa na foleni. Mama mmoja wa Kawangware aliniletea donge la takataka ya chuma kutoka kwa wahunzi, akaapa kwa watoto wake kwamba lilimwangukia kando ya choo. Mwingine alileta kipande cha egzosi ya gari. Tajiri wa Kitisuru alimtuma dereva na jiwe la kupambia bustani, limefungwa ndani ya taulo nyeupe kama mtoto mchanga, na barua juu yake. Wote walitaka niseme ni la mbinguni, na nilipokataa, wote walikasirika.

Nikachoka. Nikatoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, nikaifunga uzi, nikaitundika kwenye msumari dirishani, karibu na kaunta. Mtu akija na jiwe namwambia, sogeza hapo. Sumaku ikilirukia, nalipeleka ndani kwa vipimo vingine. Isiporuka, kwaheri. Foleni ikaisha kwa nusu saa, na mkubwa wangu akanisifu mbele ya wenzangu.

Lazima nieleze kwa nini niliamini sumaku itaruka. Kabatini tulikuwa na kimondo kimoja cha kweli, kikubwa kama ngumi, cha kufundishia wanafunzi wa chuo. Hicho ukikikaribia na sumaku ilikuwa inakirukia mpaka inalia ta! Miaka kumi nilikuwa nimekiona hicho kimoja tu. Kwa hivyo kichwani mwangu kimondo ni hicho, na kisichofanana nacho si kimondo. Ni kama mtu aliyemjua Mkamba mmoja mlevi akasema Wakamba wote ni walevi. Na mimi ni Mkamba, ningepaswa kujua.

Basi Juni hiyo, Jumanne, akaja askari wa kituo, Konstebo Odero, mtu mrefu mwenye adabu. Alikuwa na mfuko wa karatasi ya kaki, na nyuma yake msichana wa miaka ishirini na mbili hivi, amevaa aproni ya bluu ya kazi za nyumbani na ndara. Alikuwa na pingu. Anaitwa Rael, akasema Odero, kwao Nandi, anafanya kazi ya nyumba Kileleshwa kwa mama mmoja Virginia Kihara, mfanyakazi wa benki.

"Gari ya mama imepasuliwa kioo cha mbele," Odero akaeleza. "Ilikuwa imesimama hapo uani. Mama anasema ni huyu amerusha jiwe, kwa sababu asubuhi hiyo walikosana. Huyu anasema hakurusha, jiwe limetoka juu. Inspekta anataka karatasi kutoka kwenu, mseme ni jiwe gani."

"Limetoka juu," nikarudia. Nilicheka. Nilikuwa na watu wanne nyuma yao, kila mmoja na jiwe lake kwapani.

Rael akasogea kaunta. Hakulia, hakupiga magoti. Aliongea polepole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Madam, mimi nililiona. Nilikuwa naanika shuka. Nikasikia ngurumo na hakuna wingu, halafu sauti kama mtu anapasua kitambaa. Nikaangalia juu, nikaona kitu cheusi kinakuja, kikaanguka kwa gari. Najua nilichoona."

"Mlikosana nini na huyo mama?" nikamuuliza. Haikuwa kazi yangu kuuliza.

"Mtoto wangu alikuwa na surua, yuko nyumbani kwa dada yangu. Nikaomba siku tatu, akaninyima."

"Ukakasirika."

"Nilikasirika sana," akasema. Mungu wangu, alisema ukweli hata pale usipomsaidia.

Nikalitoa jiwe mfukoni. Lilikuwa limevunjika vipande viwili, na Odero alikuwa ameleta kimoja, saizi ya kiazi cha wastani. Upande mmoja ulikuwa na ngozi nyeusi nyembamba. Ndani lilikuwa la kijivu hafifu. Ile ngozi nyeusi peke yake ilitosha kumfanya mtu mwenye akili aketi chini, maana kimondo huungua nje kikishuka. Lakini nilikuwa nimeona mawe meusi mangapi mwaka huo? Nikalisogeza kwenye sumaku.

Haikuruka. Na sasa nasema kile ambacho sijawahi kumwambia hata padri: ilitikisika. Ilisogea kidogo kuelekea jiwe, kiasi cha upana wa kidole, halafu ikatulia. Niliiona kwa macho yangu haya. Nikajiambia ni upepo wa dirishani.

"Hakuna chuma hapa," nikamwambia Odero. "Jiwe la kawaida tu, kama la barabarani."

"Kwa hivyo mimi sikuona?" Rael akauliza. Hakuwa ananibishia. Alitaka kujua.

Hapo ndipo ulimi wangu ulipotoka nje. "Dada, macho hudanganya, sumaku haidanganyi. Na kama unaona mawe yakianguka kutoka mbinguni, pitia hospitali ya Mathari wakupime kichwa." Wale wa foleni wakaangua kicheko. Odero hakucheka. Nikachukua karatasi yenye nembo, nikaandika mistari miwili, kwamba jiwe limepimwa, halina chuma, si kimondo, nikatia sahihi na kupiga muhuri mara mbili ili wino ukolee. Kesho yake sikukumbuka hata sura yake.

Baada ya mwezi Odero alirudi na kile kipande. "Kaeni nalo, kesi imeisha," akasema. "Ameenda jela miezi sita."

"Si nilijua," nikasema.

"Alikuwa anakataa kabisa," Odero akasema, akiangalia kofia yake mkononi. "Hakimu aliposoma karatasi yenu, yule msichana akasema, basi itakuwa ni mimi." Aliondoka bila kuaga vizuri. Mimi nikafunga kijikaratasi kwenye jiwe, Kileleshwa 1986, nikaliweka stoo, maana ofisi yetu haikuwa inatupa kitu.

Miaka tisa ikapita. Niliolewa, nikaachika, nikapandishwa cheo mara moja. Siwachoshi na hayo.

Mvua ndefu za 1995 ziliingia stoo. Bati lilikuwa limeoza na mkubwa mpya, daktari kijana wa juzi kutoka ng'ambo, akaniambia nihamishe sanduku zote. Ndipo nikakutana tena na lile jiwe. Kijikaratasi kilikuwa kimelowa lakini mwandiko ni wangu. Nilitaka kulirudisha sandukuni, halafu nikaona ule uso wa kijivu uliovunjika una vidoadoa vya kahawia. Vidogo, kama madoa ya chai kwenye kitambaa. Nikakwaruza kimoja kwa kucha.

Ilikuwa kutu.

Jiwe nililoliandikia kwa mkono wangu kwamba halina chuma lilikuwa linashika kutu. Nikakaa juu ya sanduku. Woi, nilikaa pale mpaka mfagiaji akaniuliza kama naumwa.

Safari hii nilifanya yote. Nilipima uzito hewani, nikapima ndani ya maji, nikarudia mara tatu. Lilikuwa zito mara tatu na nukta mbili kuliko maji, na mawe yetu ya kujengea hapa Nairobi hata mara mbili na nusu hayafiki. Nikalikata ncha. Nikalisugua kwa msasa mpaka uso ukawa kama kioo, nikaweka lenzi. Jiwe lilikuwa limejaa viduara vidogo kama punje za wimbi zilizoshindiliwa pamoja, na viduara hivyo havipatikani katika jiwe lolote la dunia hii. Katikati yake, hapa na pale, punje za chuma zinang'aa. Chache mno. Unazitafuta kama unavyotafuta nyama kwenye mchuzi wa mwisho wa mwezi.

Sikujiamini tena, kwa hivyo Jumamosi nikambebea Mzee Jaswant kile kipande hadi kwake Ngara, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Alikuwa amezeeka, ndevu zote nyeupe, lakini alishika lenzi kama zamani. Alilitazama muda mrefu sana.

"Hii ni kimondo, beti. Nzuri sana." Akanieleza kile ambacho hakuwahi kunieleza, kwa sababu hatukuwahi kuhitaji. Kuna jamii tatu za haya mawe ya kawaida ya angani, na yanatofautishwa kwa chuma. Jamii ya kwanza ina chuma kingi, kama kile cha kabatini. Ya pili ina chuma kidogo. Ya tatu ina kidogo kabisa, na sumaku ya kaunta inaweza kuipita bila kuitambua. "Hii ni ya tatu. Umeipata wapi?"

Nikampa nakala ya barua yangu ya 1986. Aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Maji hukupima?"

"Sikupima."

"Kukata?"

"Sikukata, Mzee."

Afadhali angenitukana kwa Kipunjabi, ningejua la kufanya. Alinirudishia barua na kusema, "Huyo msichana yuko wapi?" Nikasema sijui. "Basi unaketi hapa kwangu unafanya nini?" akaniuliza, na akainuka kunifungulia mlango kabla sijamaliza chai.

Jumatatu nikaingia kwa mkubwa wangu na karatasi mpya niliyoichapa mwenyewe, inayosema barua ya 1986 ilikosea na jiwe ni kimondo cha jamii ya tatu. Aliisoma akakuna kidevu. "Ndunge, faili lilifungwa zamani. Ukimwamsha aliyelala, utalala wewe." Nikamwambia mimi nimelala miaka tisa inatosha. Hakutaka kuweka sahihi. Nikaweka yangu, nikachukua muhuri mezani kwake akinitazama, nikapiga. Angenifuta kazi siku hiyo ningeshukuru, lakini hakunifuta. Ofisi zetu hazifuti mtu kwa makosa.

Kileleshwa nilikwenda jioni baada ya kazi. Virginia Kihara bado alikuwa anaishi pale pale, gari lilikuwa jipya. Alinikaribisha vizuri, nikamweleza yote nikiwa nimesimama kwenye zulia lake. Alisikiliza huku akivua viatu vya kazi.

"Kumbe," akasema. "Haki ya Mungu, kumbe lilianguka kweli. Na lingeniua." Akashika kifua. Alifikiria hilo kwa muda, jinsi lingemuua. Halafu akasema, "Lakini si hata nyinyi wenyewe ndio mlisema? Mimi nilifuata wataalamu."

Nilikuwa nimekwenda na hasira ya kumpelekea, nikarudi nayo. Aliniambia amesikia Rael anauza minji, zile njegere mbichi, Ngara, pale karibu na stendi, na kwamba nikimwona nimpe salamu. Salamu! Sikuzibeba.

Nilimpata Alhamisi saa nane mchana. Alikuwa ameketi kwenye debe, beseni la minji mbele yake, anamenya na kutia kwenye mifuko midogo ya plastiki. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, lakini nywele za mbele zilikuwa zimeingia mvi. Vidole vilikwenda haraka bila yeye kuviangalia. Nilijua ni yeye aliponisalimia, kwa ile sauti ya polepole.

"Mama, ya ngapi?"

"Rael, sikuja kununua. Mimi ni yule wa maabara. Wa sumaku."

Mikono ikasimama. Nikachuchumaa pale pale kwenye maganda na kumwambia yote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu ningesita nisingemaliza. Kwamba jiwe lilitoka angani. Kwamba nilikosea. Kwamba kulikuwa na vipimo vingine na nilikuwa mvivu. Kwamba sumaku ilitikisika na nikajifanya sikuona. Nikamsomea karatasi ya Kiingereza, nikamtafsiria kila mstari, nikamwonyesha muhuri.

"Kwa hivyo nililiona," akasema.

"Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Ngurumo, ile sauti ya kitambaa, yote. Ndivyo yanavyoanguka."

Nilitegemea atanipiga. Nilitaka anipige. Badala yake akaanza kunieleza, akiangalia beseni.

"Unajua asubuhi ile nilikuwa na hasira namna gani? Nilikuwa naanika shuka na nasema moyoni, hiyo gari ivunjike. Nilisema hivyo, mama. Na ikavunjika. Sasa wewe ukasema hakuna kitu kilitoka juu. Mtu wa serikali, na muhuri. Nikajiuliza, kama halikutoka juu, na mimi ndiye nilikuwa peke yangu uani, ni nani? Nikaona basi ni mikono yangu imefanya na kichwa hakijui. Nilitoka jela nikaenda Mathari, vile uliniambia."

"Nilikuwa natania," nikasema. Hata sasa naisikia sauti yangu ikisema hivyo.

"Mimi nilienda. Daktari akaniambia sina kitu. Nikaona hata yeye hajui. Nikaenda kwa maombi, wakanishikia kichwa wiki mbili. Halafu nikaenda nyumbani. Chelagat wangu alikuwa ameanza kutembea. Akanikimbilia." Akaokota ganda, akalitupa. "Nikakataa kumbeba. Niliogopa mikono yangu. Kama inaweza kupasua gari mimi sijui, mtoto itamfanya nini? Nikamwambia dada yangu Jeruto, huyu ni wako, mchukue kabisa, usiniachie naye hata dakika moja. Nikarudi Nairobi. Kule naenda Krismasi tu, nakaa mbali kidogo. Ananiita anti."

Mimi, Ndunge wa ulimi mkali, nikaokota minji na kuanza kumenya.

Ghafla akasimama, akakung'uta sketi, akamwomba jirani wa nyanya amwangalizie beseni. "Twende tupige simu. Jeruto ana duka Kapsabet, liko na simu. Wewe ndiye utaongea."

"Si uongee mwenyewe? Karatasi hii hapa."

"Mimi nikimwambia nililiona, ataona ule ugonjwa umerudi. Wewe una muhuri." Alikuwa ameanza kutembea. Tulipita mzunguko wa sinema ya Globe, tukakata mjini mpaka posta kuu, barabara ya Kenyatta, yeye mbele mimi nyuma, na njia nzima alikuwa ananiuliza maswali. Jiwe lilitoka mbali kiasi gani? Mwingine amewahi kuangukiwa? Nikimwambia hivi, mtoto ataelewa? Akishaelewa, anaweza kuja likizo ya Agosti, Nairobi, hata wiki moja? Nilimwona akitabasamu peke yake pale kwenye taa za barabarani. Nilijipa moyo, mjinga mimi, nikaona pengine maji haya bado yanaweza kuzoleka.

Kibanda cha simu kilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Rael alisimama nje, ameshika mlango. Nikatia sarafu, nikampata Jeruto mwenyewe. Nilijitambulisha, nikamweleza taratibu: jiwe, kipimo, kosa langu, na kwamba dada yake hakuwa mgonjwa hata siku moja. Hakunikatiza. Nyuma yake nilisikia mtu akiomba sukari robo.

"Nimekuelewa, mama," akasema nilipomaliza. "Asante kwa kuniambia. Mimi nilimbembeleza Rael mwaka mzima. Nilimwambia, huna kitu, shika mtoto wako. Nilimwekea mtoto mapajani, akamsukuma, mtoto akaanguka. Unajua hilo? Sasa Chelagat yuko darasa la nne. Ananiita mama, mume wangu anamwita baba, cheti cha kuzaliwa kina majina yetu. Hajui lingine. Unataka nimwite leo nimwambie mama yako ni yule anti, alikutupa kwa sababu ya jiwe?"

"Lakini halikuwa kosa la Rael."

"Sisemi lilikuwa lake. Lilikuwa lako, si umesema? Basi kaa nalo wewe. Mwambie nimefurahi kwamba ni mzima, Mungu ni shahidi wangu nimefurahi. Mwambie Krismasi aje kama kawaida. Lakini mtoto sitamwambia, na yeye asimwambie. Akimwambia, asikanyage hapa tena."

Simu ikakatika. Sijui kama ni sarafu au ni yeye aliyeweka chini. Nilibaki nimeishika mkononi, naitazama, nikitafuta uongo. Ningeweza kusema laini ni mbovu. Ningeweza kusema Jeruto anafikiria, atatupigia. Uongo wa namna hiyo ni mwepesi na watu huushukuru.

"Amesema nini?" Rael akauliza. Alikuwa ameishika karatasi yangu kwa mikono miwili isikunjike.

Nikamwambia. Neno kwa neno, mwanzo mpaka mwisho, hata lile la mtoto kuanguka, hata lile la asikanyage. Sikuongeza wala kupunguza, na sikumwangalia usoni nikiwa nasema. Watu walipita na barua zao. Mtu mmoja nyuma yetu alitaka simu, akauliza kama tumemaliza, tukasogea tukasimama kando ya ukuta.

Rael alikunja ile karatasi mara mbili, akanirudishia bila kusema ni ya nini.

"Umesema darasa la nne?" akaniuliza.

"Ndiyo. Amesema la nne."

"Jeruto aliniambia la tatu," akasema. "Juzi nimetuma vitabu vya la tatu."